Kuomba Mara Tatu

Juzi nilikuwa kaunta ya hoteli ninakofanya kazi, hapa Al Rigga, mtoto wa mgeni akaangusha chupa yake ya maji. Zile chupa za chuma ambazo watoto wa Dubai huzibeba kila waendako. Iligonga vigae, ikadunda, ikagonga tena, kisha ikabingirika hadi chini ya kiti. Mama yake akacheka, akaiokota. Mimi nilikuwa nimeshaziba mdomo kwa kiganja, na mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nina jino linaloniuma. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu jino lenyewe halikuwa langu na maelezo yake ni marefu.

Sauti ile niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, na chupa ilitoka mkononi mwangu mwenyewe. Ninyi mnaonisoma, nawaomba msinihukumu mapema. Ngojeni nimalize, kisha mnihukumu vizuri, maana sababu mtakuwa nazo tele.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwetu ni Nyahururu, kwenye baridi na matope. Baba alituacha nikiwa chekechea. Mama alipopata kazi Dubai alitangulia mwaka mzima, akaniacha kwa mama mdogo, na shule niliyosoma mwaka huo ndiyo iliyonifundisha ngumi. Palikuwa na mwalimu tuliyembandika jina Transfoma, kwa kuwa ukimkaribia ulirushwa. Alichapa kwa kipande cha mpira wa maji, na alikuwa na kanuni zake: kelele, viboko vitatu, kuchelewa, vinne, ukilia kabla hajamaliza, anaanza upya. Viranja walichapa wakati yeye hayupo. Sisi wadogo tulichapana njiani kurudi nyumbani. Siku moja msichana wa darasa la saba alinikanyaga shingo topeni akitaka sweta yangu, nikamng'ata mguu mpaka nikaonja damu. Kuanzia hapo hakuna aliyeitaka sweta yangu, nami nikashika somo moja ambalo halikuwa kwenye mtihani, kwamba anayepiga kwanza huumia kidogo.

Basi nilishuka uwanja wa ndege wa Dubai nikiwa na kichwa kilichonyolewa kipara, kama ilivyokuwa ada ya wasichana wa shule kwetu, na ngumi mbili zilizokuwa tayari kwa lolote.

Shule aliyofundisha mama ilikuwa vila kwenye mtaa mtulivu, yenye ukuta wa rangi ya maziwa na maua mekundu yaliyomwagika hadi barabarani. Haikuwa na kibao. Langoni alikaa Mjomba Wafula, mlinzi kutoka Bungoma, na maagizo yake yalikuwa mafupi: mtu akiuliza, hii ni nyumba ya watu. Wiki ya kwanza niliamini kabisa kwamba mama amejiunga na wezi. Kumbe ilikuwa shule ya Kiyahudi. Miaka ile Wayahudi wa Dubai walisali na kusomesha watoto wao kimyakimya, bila matangazo. Waliohitaji kujua walijua, na wengine hawakuuliza. Watoto hatukufika arobaini. Asubuhi wenzangu walisoma Kiebrania na Torati, mchana sote tulisoma hesabu, Kiingereza na Kiarabu, na kila mahali palinuka mkate uliookwa na ile dawa ya kusafishia sakafu yenye harufu ya msonobari.

Mwenye shule alikuwa Madam Rahel, mjane mfupi kutoka Moroko, mwenye nyusi nene na sauti ya muuza samaki. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo alitukusanya kwenye chumba kikubwa, akaweka mkono juu ya meza ndefu ya mbao nyeusi, akatusimulia shule ilivyoanza. Meza hiyo marehemu mumewe aliinunua bandarini Al Hamriya, kwenye shehena iliyotoka Afrika Mashariki, na ilikuwa nzito kiasi kwamba wanaume sita waliibeba wakitukana kwa lugha nne. Hapo mezani alianza kuwafundisha wajukuu zake wawili, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusomea dini yao. Mpishi wake, mama mmoja kutoka Goa, alikuwa na binti aliyemenya vitunguu pembeni. Ikatokea kwamba kila swali binti huyo alilijibu kabla ya wajukuu. Madam Rahel akamvutia kiti. Siku ya tatu wajukuu wakaanza kuiga lafudhi yake na kumcheka, yule binti akapauka uso, akarudi kwenye vitunguu. Madam Rahel akafunga vitabu. Aliwaambia wajukuu kwamba wazee wao walifundisha hivi: anayemtia mwenzake haya mbele ya watu, akampausha uso, ni kama amemwaga damu yake. Kwa hiyo, akasema, leo hakuna masomo, leo kuna maiti mezani. Alifunga shule siku nzima, shule ya watoto watatu!

Kutokana na siku hiyo zilitoka desturi za pale. Mtoto wa mfanyakazi yeyote alisoma pale, akiwa wa dini yoyote, ndiyo maana nami nilikuwepo. Hakuna aliyechapwa. Na hakuna aliyekula mchana kabla ya kobe kulishwa, kwa sababu mnyama hawezi kuomba chakula na wewe unaweza. Kobe mwenyewe aliitwa Profesa. Alikuwa na zamu za kulishwa zilizobandikwa ukutani, na alikula polepole sana, kwa makusudi, nina hakika.

Mimi niliyaona yote hayo kuwa udhaifu. Siku yangu ya kwanza mvulana mmoja, Yoav, mwembamba mwenye miwani, mjuaji wa kila kitu, aliniuliza mbele ya darasa kama mimi ni msichana au mvulana. Watoto wakacheka. Sasa najua aliuliza kwa sababu hakujua, lakini siku hiyo nilimpiga ngumi ya tumbo akakaa chini. Nikangoja kiboko. Badala yake Madam Rahel akaniketisha kwenye ile meza, akamketisha na Yoav, akamwambia aniombe msamaha kwa kunipausha uso, kisha akaniuliza mimi, "Wewe nawe, umeumia wapi?" Nikaona huyu bibi akili zake zina kasoro. Aliyepigwa ni mwingine, anayeulizwa ameumia wapi ni mimi!

Basi nikatawala. Kuanzia Aprili hadi likizo nilipiga watoto bila kuhesabu. Niliwasukuma ngazini, nikawafinya, nikamvuta nywele msichana mmoja mpaka zikabaki mkononi. Kila mara niliketishwa mezani na kuulizwa lile swali, na kila mara nilijibu, "Sijaumia popote." Nyumbani mama alinichapa kwa kandambili, lakini kandambili kwa mtu aliyepita mikononi mwa Transfoma ni kama kupangusiwa vumbi.

Septemba tukarudi shuleni. Joto lilikuwa bado kali, maji ya bomba la baridi yakitoka ya moto. Siku hiyo zamu ya kumlisha Profesa ilikuwa ya Yoav, naye alichelewa akitafuta majani ya letasi. Mimi nilikuwa na njaa. Nikafungua mkebe wangu, nikang'ata chapati. Yoav akaingia na sahani ya majani, akaniona, akasema kwa sauti iliyofika kila pembe, "Hata kobe ana adabu kuliko wewe."

Walicheka wote. Nilinyanyuka. Nakumbuka ubaridi wa chupa, uzito wa maji ndani yake, na mkono wangu ukienda nyuma. Sikutupa. Nilimpiga nayo mdomoni, nikiwa nimeishika shingo, na nikampiga tena alipokuwa anaanguka. Pigo la pili lilimpata juu ya jicho. Alianguka ubavuni, kichwa kikagonga pembe ya ile meza, na ndipo chupa ilipoponyoka na kugonga vigae. Mezani palikuwa na damu, na ndani ya damu palikuwa na vipande viwili vyeupe ambavyo kwanza nilidhani ni vya kikombe. Hakuna aliyelia. Yoav mwenyewe hakulia, alikuwa anapapasa sakafuni akitafuta miwani. Mimi nilisimama, na nitawaambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Kwa muda wa pumzi mbili tatu, nilijisikia vizuri.

Kisha nikaona uso wa mama mlangoni.

Tuliishi chumba kimoja Deira, nyuma ya barabara ya Al Rigga, kilichotengwa kwa ubao na chumba cha mwanamke mmoja wa Uganda. Mama alifunga mlango, akachomoa waya wa pasi, akaukunja mara mbili. "Mchelea," akasema, akapiga. "Mwana." Akapiga. "Kulia." Akapiga. "Hulia. Mwenyewe." Methali ilipokwisha akaanza nyingine, na mama yangu alizijua methali nyingi. Alinipiga miguuni, mgongoni, mikononi nilipojikinga. Waya ulipokata ngozi ya paja nilipiga ukelele ambao Transfoma hakuwahi kuupata kutoka kwangu. Yule Mganda akagonga ubao kwa ngumi. "Sista! Wacha mtoto! Polisi wa huku si wa kwetu, watakuchukua!" Mama akasimama akihema. Alikuwa analia kuliko mimi. Akajifunika uso kwa kanga, akaniambia kutoka ndani ya kanga, "Unataka turudi? Unataka kurudi kule?"

Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuwa. Viza ya mama ilitoka shuleni, na viza yangu ilining'inia kwenye ya mama. Asubuhi iliyofuata baba yake Yoav alikuja. Alikuwa mtu mpole, mfanyabiashara wa mawe ya thamani, lakini siku hiyo alikuja na hasira. Mwanawe alikuwa ameshonwa nyuzi saba juu ya jicho na kupoteza meno mawili ya mbele, ya ukubwani, yasiyoota tena. Alisema, ama yule msichana aondoke, ama wao.

Madam Rahel aliniita. Akanionyesha kiti. Nilibaki nimesimama. Akanionyesha tena, nikakaa kwa upande mmoja wa tako, akatazama, akaelewa. Aliniinulia sketi inchi moja juu ya goti, akaishusha. Akanitoa nje, akamwita mama. Nami, kwa tabia yangu, nikabandika sikio mlangoni.

"Mwalimu, hapa hatupigi watoto," akasema.

"Madam, sikumpigia hapa."

"Miguu ni ileile, Mwalimu."

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nilipigwa hivyo na mama yangu, na nikawa mwalimu." Nilisikia kiti kikivutwa, nikakimbia.

Hukumu ilikuwa hivi. Siku chache mbele kulikuwa na mwaka mpya wao, na siku kumi baada yake Siku ya Upatanisho, ambayo watu wazima hufunga bila hata tone la maji. Kati ya siku hizo kila mmoja huwaendea aliowakosea. Mungu, alitueleza Madam Rahel, husamehe makosa aliyokosewa Mungu. Kosa ulilomkosea mwenzako, hata Yeye hana mamlaka nalo mpaka mwenzako akusamehe. Kwa hiyo unamwendea, mbele ya mashahidi, unaomba. Akikataa, unarudi siku nyingine na maneno mengine. Akikataa tena, unarudi mara ya tatu. Na akikataa mara ya tatu, umefanya lako. Dhambi inakutoka wewe, inamkalia yeye aliyekataa. Nikiomba inavyotakiwa, baba yake Yoav alikubali, jambo limekwisha. Nisipoomba, mimi na mama tutafute ndege.

Ninyi mnaonisoma mna mioyo safi, kwa hiyo pengine hamkuliona tundu. Mimi nililiona papo hapo. Sikuhitaji kusamehewa. Nilihitaji kukataliwa mara tatu tu.

Yoav aliporudi, mdomo umevimba na plasta juu ya jicho, nilimvizia langoni. Nikamwita Mjomba Wafula awe shahidi. "Nisamehe!" Yoav akatikisa kichwa. "Nisamehe! Nisamehe!" Akatikisa, akatikisa. Mjomba Wafula, ambaye alikuwa upande wangu kwa sababu ya Kenya, akapiga makofi kwa furaha. "Tatu! Mtoto yetu amemaliza! Yalla, khalas!" Madam Rahel alitoka ukumbini, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema hiyo ni moja tu, na hata hiyo ameihesabu kwa ukarimu.

Mara ya pili ilikuwa maktabani, mbele ya wasichana watatu. Nilisema, "Pole kwa meno." Yoav alisema hapana. Sauti yake ilikuwa inapita kwenye pengo na kutoka na upepo, na msichana mmoja akacheka bila kukusudia. Yoav akapauka. Niliona, na nikafurahi kwamba alikuwa amekataa, kwa kuwa nilibakiza moja.

Mara ya tatu niliichagua mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya ule mfungo. Mama alikuwa anafundisha sehemu, amechora duara ubaoni na kulikata vipande. Nikanyoosha mkono, nikaomba ruhusa ya kumwomba Yoav msamaha mbele ya darasa zima. Mama akageuka, macho yake yakajaa machozi ya shukrani. Maskini mama! Nikasimama mbele ya Yoav, nikasema maneno mazuri ajabu, niliyoyatunga tangu asubuhi, na nikayasema kwa tabasamu dogo ambalo yeye peke yake aliliona. Alilitazama lile tabasamu. Akasema, "Hapana."

"Tatu!" nikapaza sauti. "Wote mmesikia! Sasa dhambi ni yako! Si yangu tena, ni yako, yako!"

Nimepiga watu wengi katika utoto wangu, lakini hakuna pigo lililoingia kama hilo. Yoav alikuwa na miaka kumi. Alifundishwa tangu mdogo kwamba siku ile ya mfungo kinafungwa kitabu ambamo wanaandikwa watakaoishi mwaka unaokuja na watakaokufa. Alinitazama, rangi yote ikamtoka hadi kwenye ile midomo iliyovimba. Akatapika juu ya daftari. Akatoka mbio, tukamsikia chooni akikwama pumzi, akisema neno moja kwa Kiebrania, tena na tena. Baadaye niliambiwa maana yake ni "sitaki."

Siku mbili hakula. Baba yake alikuja tena, na safari hii hakuwa na hasira. Alikaa mezani na kofia mkononi, akamwambia Madam Rahel, "Mwanangu ananiuliza nani atamlisha kobe yeye akifa." Nilikuwa ngazini, nikasikia. Nilichohisi wakati huo sikuwa na jina lake. Ilikuwa aibu, na sikuwahi kuionja ikiwa yangu mwenyewe.

Madam Rahel alitukusanya sote kuzunguka meza, walimu na watoto, mpaka Mjomba Wafula. Alisema aliyeomba ili akataliwe hajaomba chochote. Mara zote tatu zimefutwa, Yoav hana dhambi wala nusu ya dhambi, na Nyambura, yaani mimi, yuko sifuri. Kisha akasema kwamba mwenye kosa kubwa ni yeye, kwa kuwa aliwapa watoto sheria yenye makali bila kuwaonyesha mpini. Yule bibi akashuka kwenye kiti chake, magoti yakilia, akakaa kwenye kigoda cha watoto wadogo ili awe chini ya macho yetu. Akamwomba Yoav msamaha. Kisha akanigeukia mimi. "Nyambura, nilikuona unaumia tangu Aprili, na sikufanya zaidi ya kuuliza. Nisamehe." Sikujua mtu mzima anajibiwa nini. Nilitikisa kichwa kukubali, nikatazama pembeni, nikamwona mama ameegemea mlango na madaftari kifuani, amepauka yeye naye.

Kesho yake nilimwendea Yoav, mimi na yeye na mashahidi watatu tu, bila maneno niliyotunga. Nilisema, huku nikilia, kwamba nilijisikia vizuri nilipompiga, na kwamba hilo ndilo linaloniogopesha. Alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri. "Nimekusamehe," akasema kupitia pengo lake. "Lakini usikae karibu na mimi." Nikasema sawa. Baba yake alitimiza ahadi, viza zetu zikabaki salama, na kwa miaka miwili iliyofuata mimi na Yoav tulisoma darasa moja na sikuwahi kukaa karibu naye.

Jioni ya siku hiyohiyo mama alikuwa anapiga pasi sare yangu. Waya ulikuwa uleule. Akazima, akaja kukaa kitandani, mikono kati ya magoti kama mtu aliyeitwa ofisini. Msomaji wangu, kama ulilelewa kwetu, unajua kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha. Akizidi sana atakupikia chapati, nawe utaelewa. Mama yangu akasema, "Nyambura, nilikupiga vibaya. Sikukupiga kukufunza, nilikupiga kwa woga. Naomba unisamehe."

Nilikuwa nimetoka tu kulia kwa aibu mbele ya Yoav. Ungedhani nimejifunza. Lakini kovu la paja lilikuwa bado linavuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu mkubwa, mtu wa kiboko, alikuwa ameketi chini yangu, mimi nimesimama, akingoja neno langu. Ningeweza kupiga nisipigwe.

"Hapana," nikasema.

Hakukasirika. Alisema, "Sawa," akarudi kwenye pasi. Wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, ambayo huko Dubai ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko na ya ibada, tukitoka kanisani, akasimama kwenye kivuli cha kituo cha basi. Aliomba tena, kwa maneno mengine, kama inavyotakiwa. Alinitajia kila mahali aliponipiga, hadi kwenye vidole. Nikamtazama machoni. "Hapana." Niliona lilivyoingia. Alifungua mwavuli ingawa tulikuwa kivulini.

Nikaingoja mara ya tatu. Niliingoja Ijumaa iliyofuata, nikaingoja Krismasi. Mama hakunigusa tena kwa waya wala kwa kandambili, lakini hakuomba tena. Mwaka ukaisha. Nikabalehe, nikamaliza shule, nikawa mtu mzima mwenye kazi, na ndani yangu nilibeba shtaka moja dhidi yake: kwamba alichoka mapema. Kwamba Madam Rahel, mgeni, alikaa kwenye kigoda kwa ajili yangu, na mama yangu wa kunizaa alishindwa kuniomba mara moja zaidi. Tulipogombana, na tuligombana sana, hilo ndilo nililolisaga moyoni.

Mwaka jana nilienda likizo Nyahururu, mama amestaafu. Tulikuwa jikoni, anamenya viazi. Sijui nini kilinisukuma. Nikamwambia, "Mama, ulibakisha mara moja."

Hakuniuliza mara moja ya nini. Alikata kiazi vipande viwili, akavitumbukiza majini.

"Ungekataa," akasema.

"Pengine ningekubali."

"Nyambura, nilikuzaa mimi. Nilikuona ukingoja, na nilijua umenoa hilo neno. Ungekataa." Akachukua kiazi kingine. "Na yule kijana, Yoav, nilimwona alivyokuwa. Nilikuwa hapo ubaoni. Nikasema, hii wacha ikae na mimi."

Niliketi kwenye debe la unga. Nililia, sisemi uongo, nililia kwa sauti kama siku ya waya. Miaka yote ile niliyomhesabia kiburi, mama alikuwa anaenda kanisani Ijumaa kwa Ijumaa na dhambi ambayo angeweza kuitua kwa sentensi moja. Hakuitua kwa sababu alijua itamwangukia nani.

"Nimekusamehe, Mama," nikasema.

"Sijakuomba," akasema, na akaendelea kumenya.